Kulinda nyumba dhidi ya wezi, maji, moto na mchwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni milango na grili, hapa Dar es Salaam. Mara nyingi naitwa asubuhi, nyumba ikiwa imeshavunjwa usiku, na maswali yaliyomo humu nimeulizwa nikiwa nimepiga magoti kwenye kizingiti, bisibisi mkononi. Nimeyaandika ili mtu ayasome kabla hajaniita.

Utaona neno moja linajirudia: maungio. Mlango unapokutana na fremu, fremu na ukuta, bati na ukuta, bomba na koki, waya na soketi. Wizi, uvujaji na moto niliokutana nao mwingi ulianzia hapo, na si katikati ya mbao wala katikati ya bati.

## Milango na madirisha

1. Nina hela ya kufanya jambo moja tu. Nianze wapi?

Anza na fremu ya mlango wa nyuma. Mlango wa mbele watu huununua kwa ajili ya wageni: mninga uliochongwa maua, kitasa kinachong'aa. Ule wa jikoni unawekwa mwishoni, hela imeisha, paini nyepesi, fremu imeshikwa na misumari minne. Mwizi hana haja na maua. Anazunguka nyuma.

Mwaka 2019 niliitwa kwenye nyumba moja ya Tabata nikakuta kitasa kizima kabisa. Ulimi umechomoza, umefungwa mara mbili, na ufunguo baba mwenye nyumba anao mkononi, ananionyesha kana kwamba namshtaki yeye. Kilichopasuka ni fremu. Kipande cha mbao urefu wa kiganja kilikuwa sakafuni, na kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa bado kimeng'ang'ania juu yake kwa skrubu mbili fupi kama ukucha. Kitasa cha bei kubwa kilikuwa kimeshikwa na skrubu hizo.

Kibati hicho kifungwe kwa skrubu za milimita 75 au zaidi, zipite fremu ziume ukutani. Bawaba nazo vivyo hivyo, na ziwe tatu kwa mlango wa nje. Fremu yenyewe ishikwe kwa vyuma vilivyochimbiwa ukutani pande zote mbili, na nafasi kati ya fremu na tofali ijazwe saruji. Nimekuta magazeti yaliyopakwa lipu juu, zaidi ya mara moja.

Jaribu leo usiku: funga mlango kwa ufunguo, simama nje, usukume kwa bega pale kitasa kilipo, mwenzako akitazama kwa ndani. Fremu ikicheza, au mwanga wa nje ukipenya, umepata pa kuanzia.

2. Kitasa gani ni kizuri? Na kufuli?

Kitasa ambacho ulimi wake unaingia kwenye fremu angalau sentimita mbili, na ambacho silinda yake, pale ufunguo unapoingia, haichomozi nje ya bati la kitasa. Silinda ikichomoza, mwizi huibana kwa plaizi na kuivunja. Ongeza komeo mbili kwa ndani, moja juu na moja chini, kwa sababu mlango unaosukumwa hupinda kwanza kwenye pembe.

Kufuli la nje, mbali na mengine, linamtangazia kila apitaye kwamba hamna mtu. Kama huna budi, chagua lenye pete fupi, isiyo na nafasi ya kuingiza mkasi wa kukatia chuma, na komeo ambalo skrubu zake hufunikwa mlango ukishafungwa. Nimeona makufuli ya kutisha yakining'inia kwenye komeo ambayo mtoto angeifungua kwa bisibisi.

Ukanda wa pwani chumvi ya hewani hula kila kitu. Ufunguo ukianza kugoma usimimine mafuta ya kula, yanashika vumbi na kuganda. Unga wa risasi ya penseli ndio dawa yake.

3. Grili yangu ni ya nondo nene. Bado nina hofu?

Unene si tatizo, tazama ilivyoshikwa. Grili iliyochimbiwa ukutani kabla ya lipu haitoki bila kelele. Iliyofungwa kwa skrubu kutokea nje hutoka kimya kimya. Kama yako ni hiyo, mwite fundi wa kuchomelea azibe vichwa vya skrubu kwa kuvichomelea, kisha avipake rangi ya kuzuia kutu siku ileile.

Pili, grili huzuia mwili, haizuii mkono wala fimbo. Wizi wa dirishani wa mtaani kwetu unafanywa kwa mti mrefu wenye ndoano: nyavu inachanwa, suruali inavutwa kutoka kwenye kiti, simu inafuata waya wake wa chaji. Usichajie simu dirishani, na usiweke kitanda ambapo mkoba ulio kichwani unaonekana kutoka nje.

Tatu, grili inaweza kukufungia ndani wakati wa moto. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko wezi wote, na nimelieleza kwenye swali la 17. Tafadhali usiliruke.

4. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yana udhaifu gani?

Kioo kinaweza kunyanyuliwa kikatoka kwenye reli yake. Weka kipande cha mbao au bomba kwenye reli ya chini kwa ndani ili kisiteleze, na mwambie fundi apunguze mwanya wa juu ili kisinyanyuke. Bado utahitaji grili.

5. Ni kweli wanapitia kwenye paa?

Ndiyo, hasa maduka na nyumba ambazo dari ni jipsamu juu ya bati jepesi. Misumari hung'olewa, bati hukunjwa, mguu mmoja unatosha kuitoboa jipsamu. Kata matawi ya mwembe yanayofika kwenye paa na ondoa ngazi uani. Chumba chenye vitu vya thamani unaweza kukiwekea wavu wa nondo nyembamba juu ya dari. Na kwenye mabati kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko 28. Wauzaji wengine hawalisemi mpaka uulize.

## Nje ya nyumba

6. Juu ya ukuta niweke chupa, seng'enge au waya wa umeme?

Chupa zilizovunjwa humsumbua zaidi mtoto anayefuata mpira kuliko mwizi anayetandika gunia juu yake. Seng'enge ya wembe ni nzuri ikikazwa vizuri, ingawa karibu na bahari huoza kwa kutu mapema. Waya wa umeme wa uzio hufanya kazi vizuri ukifungwa na mtu anayejua, ukiwa na mashine yake maalumu inayotoa mshtuko wa muda mfupi sana, betri ya akiba na vibao vya onyo.

Lakini ukuta mrefu una ubaya wake: mwizi akishauvuka, majirani hawamwoni tena. Ukiweza kujenga sehemu ya mbele kwa nondo zinazopitisha macho, fanya hivyo.

7. Naweza kuunganisha umeme wa ukutani kwenye grili au uzio usiku?

Hapana. Hapana kabisa. Umeme wa nyumbani ni volti 230 na hauachii. Atakayekufa huenda akawa mwanao aliyetoka kwenda chooni, au jirani aliyekuja kukuamsha kwamba nyumba inaungua. Ukiua kwa mtego wa namna hiyo utajibu mahakamani, hata kama aliyekufa alikuja kuiba.

8. Taa iwake usiku kucha?

Taa yenye sensa inayowaka mtu akipita inafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu inashtua na inakuamsha. Weka moja nyuma na moja pembeni penye mita ya maji. Za sola zinasaidia umeme ukikatika, ila futa vumbi kwenye paneli kila baada ya wiki chache.

9. Kamera zinafaa?

Zinafaa baada ya mlango kuwa imara. Kamera iliyo juu ya fremu mbovu inakupa video ya nyumba yako ikivunjwa.

Ukifunga, ile mashine inayohifadhi picha ifiche, kwa sababu mwizi mzoefu huondoka nayo. Iwekee betri ya akiba pamoja na ruta. Angalau kamera moja iwe usawa wa uso, kwani ya juu kabisa huonyesha kofia tu. Na zielekeze kwenye eneo lako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jirani ana haki ya kukasirika akikuta jicho la kamera linatazama uani kwake.

10. Wezi hupuliza dawa ya usingizi dirishani?

Karibu kila nyumba niliyoitwa nimeambiwa hivyo: "Tulipuliziwa, fundi, si bure." Nawaelewa. Ni aibu kuamka na kukuta televisheni haipo na wewe ulikuwa mita tatu tu kutoka hapo.

Ila fikiria. Dawa ya nusu kaputi hospitalini hutolewa na mtaalamu anayemtazama mgonjwa pumzi kwa pumzi, kwa sababu ikipungua mtu anaamka na ikizidi anakufa. Kujaza chumba chenye dirisha la nyavu, baba, mama na mtoto mchanga wote walale sawasawa na wote waamke salama, ni kazi isiyofanyika kwa kopo la kupuliza. Chama cha kitaalamu cha madaktari wa nusu kaputi cha Uingereza kilishatoa taarifa ya kutia shaka madai kama hayo, kwa watalii walioibiwa wakiwa wamelala ndani ya magari yao.

Wezi hupenda saa nane hadi saa kumi usiku, usingizi ukiwa mzito, feni inavuma au mvua inapiga bati. Hayo yanatosha. Lakini kama mliamka na vichwa vinagonga, mnatapika, na kulikuwa na jiko la mkaa ndani, hiyo si habari ya wezi. Nenda kwenye swali la 20 sasa hivi.

## Watu, funguo na safari

11. Nimehamia nyumba ya kupanga. Nifanye nini wiki ya kwanza?

Badilisha silinda ya kitasa. Hujui wapangaji waliopita walichonga funguo ngapi, na fundi funguo wa kona hamuulizi mtu ufunguo ni wa nani. Mweleze mwenye nyumba kwanza, na ile ya zamani umrudishie ukiondoka. Piga picha za kuta, dari, sinki na mita kabla hujaingiza godoro, umtumie siku hiyohiyo. Picha hizo ndizo zitakazokusaidia mkija kubishana nani alivunja kioo cha choo.

Ukitaka kuongeza grili, mkubaliane kwa maandishi gharama itakatwa vipi kwenye kodi. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, na umjue mjumbe wako. Usiku wa shida, mgeni asiyejulikana husubiri sana mlango wa jirani ufunguliwe.

12. Nimwamini dada wa kazi na ufunguo?

Kama unamwamini na mtoto wako, ufunguo ni mdogo kuliko mtoto. Mpokee kupitia mtu anayemfahamu, umtambulishe serikali ya mtaa, mlipe kwa wakati. Mfundishe kutomfungulia mtu anayesema "nimetumwa na baba kuja kuchukua friji" mpaka akupigie simu. Ujanja huu umeshamaliza nyumba nyingi mchana kweupe. Akiacha kazi, hata kwa amani, badilisha silinda. Usimfanye mshukiwa wa kwanza kila kitu kikipotea. Nimeshuhudia binti wa miaka 17 akikaguliwa begi lake mbele ya watu, na simu yenyewe ikapatikana nyuma ya kochi.

13. Desemba tunakwenda Moshi wiki tatu. Nyumba tuiache vipi?

Nyumba yenye dalili za watu: jirani aingie na kutoka, aanike nguo mara moja moja, afagie mbele. Taa ya nje iwe ya kujiwasha giza likiingia, maana taa inayowaka hadi saa sita mchana inasema hamna mtu. Picha za safari zisubiri mpaka mrudi.

Halafu kwa upande wa uharibifu: funga koki kuu ya maji, funga mtungi wa gesi, chomoa kila kitu soketini isipokuwa friji kama ina vitu. Familia moja ilirudi ikakuta mpira wa sinki umekatika siku nyingi, makabati ya jikoni yamevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Mwizi angewapunguzia kidogo kuliko hapo.

## Maji

14. Dari ina doa la kahawia. Nipake rangi?

Usipake mpaka ujue maji yametoka wapi. Na mara nyingi hayakutokea juu ya doa: maji hutembea juu ya mbao za kenchi, yakapata mahali pa kudondokea mita mbili mbele. Panda darini mchana jua likiwa kali, mwenzako afunge milango, utazame nukta za mwanga. Kisha chunguza pale bati linapogusa ukuta, kwenye kofia ya paa na kwenye misumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni yanapopita maji, na uwe na mpira wake. Mpira ukishakauka na kupasuka, badilisha.

Fanya hivyo Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Safisha gata siku hiyohiyo, kwa sababu majani ya mwembe yakiziba, maji hurudi nyuma chini ya bati. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha watu wa pwani kwamba upepo nao upo: mwisho wa paa, pale bati linaponing'inia, ongeza misumari.

15. Rangi inabanduka sehemu ya chini ya ukuta kila mwaka. Kwa nini?

Ukikuta unga mweupe kama chumvi, ni chumvi kweli. Unyevu unapanda kutoka ardhini kwa sababu hakuna nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi, au udongo wa nje umepanda ukaifunika, au nyumba ilijengwa kwa mchanga wa bahari. Kupaka rangi ya mafuta juu yake kunaufungia unyevu, nao unazidi kupanda juu.

Kwanza shusha udongo wa nje uwe chini ya usawa wa sakafu, tengeneza mteremko maji yakimbie mbali na nyumba. Bandua lipu iliyooza, acha ukuta ukauke wiki kadhaa wakati wa kiangazi, ndipo upige lipu mpya. Kama mchanga ndio wenye chumvi, tatizo litapungua, halitakwisha, na nondo ndani ya nguzo nazo zinaliwa. Hapo mwite mhandisi.

Na kama kiwanja chenyewe kiko bondeni, hakuna lipu itakayokusaidia. Waliokuwa bonde la Msimbazi mafuriko ya Desemba 2011 wanalijua hili kwa uchungu.

16. Bili ya maji imepanda na sioni panapovuja. Na simtank je?

Usiku funga koki zote, andika namba za mita, usitumie maji kwa muda wa saa mbili, kisha soma tena. Namba zikisogea, kuna mahali panavuja. Anza na choo: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la juu, ukae dakika 20 bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka, na huo ni rahisi. Choo kikiwa salama, fuata bomba lililozikwa. Majani mabichi wakati wa kiangazi hulichongea.

Kila mtu ndani ya nyumba, hata mtoto wa darasa la tatu, aonyeshwe koki kuu iko wapi na inazungushwa upande gani.

Simtank la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Usilipandishe juu ya kuta za choo kwa sababu tu pana nafasi. Lijengewe mnara wa nguzo. Boya likikwama maji hufurika usiku kucha na kuchimba msingi wa mnara huohuo, kwa hiyo likague kila mwezi.

## Moto, gesi na umeme

17. Nyumba yangu ina grili kila dirisha. Moto ukizuka sebuleni, tunatokea wapi?

Hili ndilo swali ambalo natamani kila mtu angeniuliza, na mimi ndiye ninayezifunga hizo grili.

Kila chumba cha kulala, au angalau upande wa vyumba, kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani kama mlango mdogo, ipite mtu mzima. Hufungwa kwa kufuli. Ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari, na hapa watu hukwama: ukiuweka mbali, mtoto hataupata kwenye moshi, ukiuweka mkabala na dirisha, fimbo ya swali la 3 itaufikia. Jawabu ni ukuta uleule wa dirisha, pembeni, usawa wa kifua cha mtoto. Fimbo kutoka nje haiwezi kupinda kona ile, lakini mkono wa aliye ndani unaugusa bila kutazama.

Mlango mkuu vivyo hivyo: ufunguo usilale chumbani chini ya mto wa baba. Kisha mfanye zoezi. Zima taa, watoto wafumbe macho, watambae kutoka kitandani hadi kwenye ufunguo na wafungue kufuli. Mara ya kwanza binti yangu alichukua karibu dakika tatu, kufuli limeshika kutu. Tulilibadilisha kesho yake.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya polisi ni 112. Ziandike kwa kalamu nene nyuma ya mlango.

18. Breka inakatika kila nikiwasha pasi na birika. Niweke kubwa zaidi?

Breka inakuokoa. Ukiweka kubwa, waya uleule mwembamba utachemka ndani ya ukuta bila mtu wa kuuzuia. Plagi ya kawaida ni ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa jumla. Pasi na birika kwenye eksitensheni moja humaliza yote. Soketi yenye weusi, yenye joto au inayonguruma, acha kuitumia leo. Waya umelegea kwenye skrubu yake. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na umwombe apime ethi pia, yaani waya unaopeleka umeme ardhini.

19. Umeme ukirudi vitu vinaungua. Nifanyeje?

Ukikatika, zima au chomoa friji, televisheni na kompyuta. Acha taa moja ikujulishe umerudi. Subiri dakika tano ndipo uwashe. Friji ina sababu ya ziada: kompresa ikiwashwa mara tu baada ya kuzimika inapambana na mgandamizo uliobaki ndani na inaweza kuungua. Kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme hufanya kazi hiyo bila wewe kuamka.

20. Gesi na mkaa, kipi cha kuogopa?

Vyote viwili, kila kimoja kwa namna yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Ukisikia harufu, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toka nje, piga simu ukiwa mbali. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira. Mapovu yakikua, panavuja. Kamwe usipime kwa kiberiti. Mpira ulioanza kupasuka ni wa kutupa, hata kama tepu ipo.

Mkaa hauna harufu ya kukuonya. Jiko lililoingizwa chumbani kwa ajili ya baridi, Mbeya, Njombe au Arusha, hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi, inayoua watu wakiwa usingizini. Lisiingie chumba cha kulala, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu. Mkiamka na dalili nilizotaja swali la 10, tokeni wote nje na mwende hospitali.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto: zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, acha ipoe. Maji yanarusha moto mpaka darini.

## Mchwa na panya

21. Nikiufuta ule mstari wa udongo ukutani, mchwa wataisha?

Watahamia pembeni. Ule mstari ni barabara yao kutoka ardhini. Vunja kipande kidogo tu, rudi kesho: ukikarabatiwa, kundi liko hai na unajua linapopita. Dawa iende ardhini kuzunguka msingi, na kwa nyumba mpya kabla ya kumwaga zege, kwa mtu anayejua vipimo na mwenye kutazama kisima kiko umbali gani. Oili chafu ambayo mafundi wengi hupaka kwenye mbao hunuka, hushika moto na huchafua udongo.

Mbao, maboksi na kuni zilizoegemezwa ukutani ni daraja lao. Panya nao hutafuna waya darini: ziba matundu ya mabomba kwa stili waya ya kusugulia sufuria, kisha saruji juu yake.

## Ikishatokea

22. Nimesikia mtu yuko ndani. Nitoke nikamkabili?

Hapana. Kusanya watoto chumba kimoja, funga, piga kelele, piga filimbi, mpigie jirani na 112. Mwizi aliyesikika hutaka kuondoka. Mwache apate njia. Televisheni inanunuliwa tena. Kila jirani awe na filimbi na namba za wenzake, na mkubaliane mapema nani anawasha taa na nani anapiga simu.

23. Nimeibiwa. Hatua ni zipi?

Usipange vitu wala kufuta alama. Piga picha. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, nenda kituo cha polisi ufungue taarifa upewe RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na uiombe namba yake uiandike. Orodha iwe na namba za utambulisho za vifaa. Kwa simu piga *#06# leo, ukiwa bado nayo, uandike IMEI kwenye daftari lisilo ndani ya simu hiyohiyo. Fungia laini na akaunti ya pesa mapema kuliko yote, kwa kutumia simu ya jirani. Kama una bima ya nyumba, wajulishe siku ileile. Watataka ripoti ya polisi na dalili kwamba mlango ulivunjwa kweli. Ndiyo maana nasema usirekebishe kabla ya picha.

24. Wananchi wamemkamata. Je?

Afungwe mikono, akalishwe chini, polisi waitwe. Najua hasira. Nimewahi kuibiwa mashine ya kuchomelea, chakula cha wanangu chote. Lakini kumpiga mtu mpaka kufa ni mauaji, hata kama mtaa mzima ulishika mawe. Na mtaani kwetu kijana mmoja mlevi alijaribu ufunguo kwenye mlango usio wake, saa saba usiku, geti zinafanana. Aliokolewa na mama mmoja muuza maandazi aliyemtambua kwa sauti. Sasa hivi ana watoto wawili.

25. Fundi atakuja kesho. Usiku huu tunalalaje?

Wakati mwingine wanarudi, kwa kuwa wanajua njia. Pitisha ubao wa mbili kwa nne kwa ndani, kutoka fremu hadi fremu, skrubu mbili kila upande, chini kidogo ya kitasa. Kama fremu imepasuka kabisa, ubao uume ukutani badala ya fremu. Sogeza meza nzito nyuma yake, weka sufuria na vijiko juu ili mlango ukiguswa vianguke. Lalani chumba kimoja, simu zimejaa chaji, jirani akijua.

Usiuzibe mlango ambao ndio njia yenu pekee ya kutokea. Kama hakuna mwingine, ubao usipigwe skrubu: tegemeza kwa kitu kinachoondoka kwa mkono mmoja. Na ukipiga skrubu kwenye mlango mwingine wowote, bisibisi uining'inize palepale juu ya ubao, na kila aliye ndani aioneshwe kabla taa hazijazimwa.